Mivinyo ya Piemonte: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wasomaji wa Kiswahili wanaokutana na mivinyo ya Piemonte: wanafunzi walioko Torino, wahudumu wa hoteli za pwani, na watu waliozawadiwa chupa wasijue waifanyeje. Tunaanza na ya msingi. Yaliyo mwishoni ni ya hali za pekee.

## Mahali na zabibu zake

1. Piemonte iko wapi?

Ni mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Italia, unaopakana na Ufaransa na Uswisi, na mji wake mkuu ni Torino. Jina lenyewe maana yake ni "mguuni pa mlima". Ukisimama mjini Alba asubuhi ya Januari mbingu zikiwa safi, utaona kwa nini: Alpi zimesimama magharibi na kaskazini kama ukuta mweupe, na Monviso imechomoza peke yake juu ya wenzake.

Mashamba mengi ya mizabibu hayako kwenye milima hiyo, yako kwenye vilima vya kusini: Langhe na Roero, pande mbili za mto Tanaro, na Monferrato kuelekea Asti na Alessandria. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza vilima hivi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaskazini nako kuna mizabibu (tazama swali la 13).

2. Barolo, Barbaresco na Barbera si kitu kimoja?

Hapana, na kosa hili huwagharimu watu fedha. Barolo na Barbaresco ni vijiji, na mvinyo wa kila kijiji hubeba jina lake. Yote miwili hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine. Barbera ni aina nyingine kabisa ya zabibu. Haina undugu wowote na Barbaresco, ni herufi tu zimefanana.

Kabla ya kulipa, jiulize: neno kubwa kwenye lebo ni jina la zabibu au la mahali? Barbera, Dolcetto, Moscato na Arneis ni zabibu. Barolo, Barbaresco, Nizza, Gavi na Gattinara ni mahali. Ukishalitambua hilo, nusu ya lebo za Piemonte umeshazisoma.

3. Nebbiolo ina nini hata isifiwe hivyo?

Ni zabibu nyeusi ya hapohapo, iliyotajwa kwenye maandishi tangu karne ya 13. Wengi hulihusisha jina lake na neno nebbia, yaani ukungu, ama kwa sababu ya unga mweupe unaofunika punje zake zikiiva, ama kwa sababu huvunwa Oktoba, mabonde yakiwa yamejaa ukungu.

Ni zabibu yenye kudeka. Huchipua mapema kuliko jirani zake, kwa hiyo baridi kali ya Aprili inaweza kuichoma. Huiva mwisho, kwa hiyo mvua za vuli zinaweza kuikuta bado iko mtini. Inataka mteremko unaopata jua. Kanuni za Barolo zinakataza kutumia mashamba yanayotazama kaskazini, na zinataka shamba liwe kati ya mita 170 na 540 juu ya usawa wa bahari. Imejaribiwa katika nchi nyingi, lakini ni nadra kutoa huko kile inachotoa kwao.

Nilipovuna kwa mara ya kwanza karibu na kijiji cha Neive, saa mbili asubuhi hatukuweza kuona mstari wa tatu wa mizabibu kwa ukungu. Tulisikia tu mikasi ya wenzetu, kacha, kacha, na vishada vikitua kwenye kreti. Nikaminya punje moja: ganda lilikuwa gumu, lakini maji yaliyotoka hayakuwa na rangi hata kidogo. Rangi yote imo kwenye ganda, na hata humo si nyingi.

4. Barolo niliyonunua imepauka. Imetiwa maji?

Hapana. Ndivyo Nebbiolo ilivyo. Barolo changa huwa nyekundu ya komamanga inayopitisha mwanga, na ikizeeka ukingo wake kwenye glasi hugeuka rangi ya tofali. Mimi ningeshangaa kama ingekuwa nyeusi tii.

5. Mbona inakaza mdomo namna hii?

Huo ni ukakasi, na tunaujua tangu utotoni: ukiuma bibo ambalo halijaiva sawasawa, ulimi hukauka kana kwamba umepakwa vumbi. Kwenye mvinyo, ukakasi hutoka kwenye tanini iliyomo katika maganda na kokwa za zabibu. Nebbiolo ina tanini nyingi na uchachu mwingi kwa pamoja, na ndiyo maana inahitaji muda.

Sheria inalijua hilo. Barolo haiuzwi kabla ya miezi 38, ikihesabiwa tangu Novemba ya mwaka wa mavuno, na 18 kati ya hiyo iwe imekaa ndani ya pipa la mbao. Barbaresco ni miezi 26, na 9 pipani. Ikiandikwa Riserva, Barolo imekaa angalau miezi 62 na Barbaresco 50.

Ukakasi hupunguzwa na umri, hewa na nyama. Mtu aliyekunywa Barolo changa tumbo likiwa tupu akasema ni mbaya, simlaumu. Ampe mvinyo huo nafasi ya pili mezani, penye ng'ombe aliyepikwa polepole.

## Vilima na watu wake

6. Zabibu ni ileile. Kwa nini chupa moja ina bei mara tano ya nyingine?

Sehemu ni jina la mtengenezaji na uchache wa chupa. Lakini sehemu kubwa, na ndiyo iliyonifanya niipende Langhe, ni kilima.

Ardhi hii zamani ilikuwa chini ya bahari, na udongo wake ni mfinyanzi wenye chokaa. Barolo inatoka kwenye maeneo ya vijiji 11, na ardhi yao haifanani. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, udongo ni laini zaidi, na mvinyo hutoa harufu ya maua mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba, matabaka ni ya kale zaidi na magumu, na mvinyo wake ni mkakamavu, unadai miaka. Kutoka La Morra hadi Serralunga kwa gari haifiki nusu saa, lakini weka glasi mbili mbele yako na utadhani zimetoka nchi mbili.

Majina ya vilima yalipewa mipaka rasmi Barbaresco mwaka 2007, na Barolo mwaka 2010: maeneo 181, ambapo 11 ni ya vijiji vizima. Ndiyo maneno kama Cannubi, Brunate au Rabajà unayoyaona kwenye lebo. Kuna chupa ya kale iliyohifadhiwa mpaka leo yenye maandishi "Cannubi 1752". Jina la kilima lilikuwa kwenye chupa kabla ya jina la Barolo.

Kama mfuko hauruhusu, tafuta Langhe Nebbiolo. Ni zabibu ileile, mara nyingi kutoka kwa watengenezaji walewale, na huuzwa mapema kwa bei nafuu.

7. Maneno sorì, bricco na ciabot yana maana gani?

Ni maneno ya Kipiemonte, lugha ya wenyeji. Bricco ni kilele cha kilima. Ciabot ni kibanda kidogo katikati ya shamba, cha kuwekea majembe na kujikinga na mvua. Sorì ni mteremko unaotazama jua. Wazee waliujua bila vipimo vyovyote: waliangalia mahali ambapo theluji huyeyuka kwanza, na hapo ndipo walipopanda Nebbiolo.

8. Wakulima wa Langhe walikuwa matajiri tangu zamani?

La hasha. Karne ya 19 Barolo ilikuwa mvinyo wa wakubwa. Marchesa Giulia Colbert Falletti alikuwa mwenye mali ya Barolo. Camillo Cavour, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia, alikuwa meya wa Grinzane na kusimamia mashamba ya familia yake huko. Mkulima mdogo aliuza zabibu tu, na bei alipangiwa na mnunuzi. Zabibu iliyokwisha kukatwa haingoji, kwa hiyo alichukua alichopewa.

Barbaresco walijaribu kuukata mnyororo huo. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya mvinyo ya Alba, aliwakusanya wakulima waanzishe ushirika, wakatengeneza mvinyo wenyewe na kuuweka jina la kijiji chao. Ushirika huo ulikufa wakati wa utawala wa kifashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, alikusanya familia 19 na kuufufua kwa jina la Produttori del Barbaresco. Mivinyo ya kwanza waliitengeneza chini ya kanisa. Ushirika huo upo hadi leo, na Barbaresco yake inaheshimiwa popote mvinyo unapozungumzwa.

Hata hivyo vijana wengi wa miaka hiyo waliondoka, wakaenda kwenye viwanda vya magari Torino au kwa Ferrero mjini Alba, wale wa Nutella. Waliobaki na ardhi sasa wana mali ambayo babu zao wasingeiamini.

Jambo moja lisisahaulike. Miteremko ni mikali, na karibu kila kishada cha Nebbiolo hukatwa kwa mkono. Mikono hiyo leo ni ya Wamasedonia, Waromania, Wabulgaria na Waafrika pia, na wako wanaolipwa chini ya haki yao. Ukizuru shamba, kuuliza nani anavuna na analipwaje si utovu wa adabu.

9. Ule ugomvi wa mapipa ulihusu nini?

Kwa desturi, maji ya Nebbiolo yalikaa na maganda yake kwa wiki nyingi, kisha mvinyo ukahamia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, huko Kroatia, kwa miaka. Miaka ya 1980 vijana walibadili. Walifupisha muda wa maganda, wakaleta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225 yaitwayo barrique, na mwezi wa Julai wakaanza kukata vishada kadhaa na kuviacha chini ili vilivyobaki viive vizuri zaidi.

Hilo la mwisho ndilo lililowaumiza wazee. Mtu aliyekua na njaa kuona mwanawe akitupa zabibu chini ni jambo zito. Elio Altare wa La Morra alichukua msumeno wa mashine akayakata mapipa makubwa ya baba yake, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili, Bartolo Mascarello wa Barolo alichora kwa mkono lebo iliyosema "No Barrique No Berlusconi", akimkataa kwa pamoja pipa dogo na mwanasiasa Silvio Berlusconi.

Mimi niko upande wa pipa kubwa, kwa sababu mbao mpya hufunika harufu ya kilima. Lakini usafi wa maghala unaoonekana leo uliletwa kwa kiasi kikubwa na vijana wale. Siku hizi wengi wako katikati.

## Zaidi ya Nebbiolo

10. Barbera ni mvinyo wa watu maskini?

Ni mvinyo wa kila siku, na hilo ni sifa. Una uchachu mwingi na ukakasi kidogo, rangi iliyokolea, na unakwenda na chochote chenye nyanya.

Jina lake lilichafuliwa mwaka 1986, wafanyabiashara wasio na utu walipotia methanoli, kileo chenye sumu, kwenye mvinyo wa bei rahisi. Zaidi ya watu 20 walikufa Italia na wengine wakapofuka. Msiba huo ulizaa ukaguzi mkali zaidi. Wakati huohuo Giacomo Bologna wa Rocchetta Tanaro alikuwa ameshaanza, kwa mavuno ya 1982, kuionyesha dunia kwamba Barbera ikitunzwa inaweza kukaa meza moja na wakubwa. Ukitaka iliyo bora zaidi, tafuta Nizza, iliyopata daraja lake la pekee mwaka 2014.

Dolcetto nayo isikudanganye. Jina lina maana ya "kitamu kidogo", lakini mvinyo wake hauna sukari.

11. Moscato d'Asti ni juisi?

Si juisi. Ni tamu, ina mapovu madogo na harufu ya zabibu mbichi, na kileo chake ni karibu asilimia 5 tu, lakini ni kileo. Watengenezaji husimamisha uchachukaji kwa baridi kali kabla sukari haijaisha. Inywewe changa na baridi, pamoja na keki.

Ndugu yake mwenye mapovu mengi zaidi ni Asti Spumante. Mji wa Canelli, ambako Carlo Gancia alianza kutengeneza mvinyo wa mapovu mwaka 1865, una maghala yaliyochimbwa chini ya ardhi, marefu na yenye matao hata huitwa makanisa makuu.

12. Kuna mivinyo myeupe?

Ipo. Gavi, ya zabibu ya Cortese, na Roero Arneis ndizo utakazozikuta hotelini. Arneis ilikuwa karibu kupotea miaka ya 1960. Inayonisisimua zaidi ni Timorasso ya vilima vya Tortona, iliyookolewa na Walter Massa wengine walipokuwa wakiing'oa. Inaweza kuzeeka miaka mingi, jambo lisilo la kawaida kwa mvinyo mweupe wa Italia.

13. Na kaskazini mwa mkoa?

Gattinara na Ghemme, chini ya Alpi, ni za Nebbiolo pia, lakini wenyeji huiita Spanna. Udongo wa Gattinara unatokana na volkano ya kale. Mivinyo yake ni myembamba zaidi, yenye uchachu zaidi, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko Barolo.

14. Ni kweli kuna Barolo yenye kwinini?

Kweli. Inaitwa Barolo Chinato. Mwishoni mwa karne ya 19 mfamasia Giuseppe Cappellano wa Serralunga alitia gome la mti wa kwinini na viungo ndani ya Barolo, ikawa dawa ya nyumbani ya mafua na tumbo. Nyumba nyingi ziliipasha moto wakati wa baridi. Leo hunywewa kidogo baada ya chakula, hasa na chokoleti. Malaria haitibu.

## Mezani, kabatini na safarini

15. Wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba cha Dar ni nyuzi 30!

Usemi huo ni wa vyumba vya baridi vya Ulaya ya zamani. Barolo inataka nyuzi 16 hadi 18. Iweke kwenye friji nusu saa hivi kabla ya kula. Ikiwa ya moto, kileo hupanda puani na harufu nyingine zote hujificha.

Kuihifadhi ni shida zaidi. Miezi michache kabatini kwenye joto la pwani inaweza kuiharibu kabisa. Kama huna mahali pa baridi, giza na utulivu, inywe sasa, usiitunze.

16. Sinywi pombe. Kuna cha kunipeleka Langhe?

Kipo kingi. Kuna vilima vyenyewe, makasri, na soko la Alba la tartufo nyeupe, ule uyoga wa chini ya ardhi unaotafutwa na mbwa kila vuli. Kuna nocciola, njugu za mtini za Langhe zinazopandwa hasa kwenye miteremko ambayo jua la mizabibu haliifikii. Tajarin ni tambi nyembamba za viini vya mayai, tamu sana kwa siagi. Cugnà ni maji ya zabibu mbichi yaliyochemshwa kwa saa nyingi na matunda na njugu mpaka yakawa mazito.

Uwe mwangalifu na brasato al Barolo (nyama) na risotto al Barolo (wali), zote hupikwa kwa mvinyo. Bonet, kitindamlo cha chokoleti, mara nyingi hutiwa ramu. Mchuzi wa nyama huweza kuwa na mvinyo na nguruwe. Uliza kabla: "C'è vino? C'è maiale?", yaani kuna mvinyo, kuna nguruwe? Hawatachukia.

17. Niende lini?

Oktoba, ukitaka Nebbiolo ikivunwa na tartufo ikianza. Moscato na Dolcetto huvunwa Septemba. Kumbuka kwamba joto limeongezeka na mavuno yanasogea mapema, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi. Mashamba mengi ni nyumba za watu, na kufika bila miadi siku ya mavuno ni usumbufu.

18. Naweza kupanda Nebbiolo Dodoma nikatengeneza Barolo?

Barolo, hapana, kwa sababu jina ni la mahali (swali la 2). Hata mvinyo wenyewe ungekuwa mwingine. Kule Langhe mzabibu hulala kuanzia Novemba hadi Machi, ukapata nguvu kwa baridi. Dodoma hakuna baridi hiyo. Mkulima huulaza mzabibu kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka.

Undugu wa Italia na mizabibu ya Dodoma upo, ulipitia kwa wamisionari Wakatoliki. Na Piemonte ina uzi wake Afrika Mashariki: Wakonsolata, walioanzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, walifika Kenya 1902 na Iringa 1919.

19. Nimerithi chupa ya Barolo ya miaka ya 1970. Inafaa?

Angalia mwaka kwanza. 1971 na 1978 inasifiwa mpaka leo. 1972 ilikuwa mbaya kiasi kwamba mavuno yote yalinyimwa jina la Barolo, kwa hiyo ukiona mwaka huo kwenye lebo, kuna walakini.

Kisha tazama kimo cha mvinyo shingoni. Ukiwa umeshuka mpaka mabegani mwa chupa, hewa imeingia. Kama kimo ni kizuri, isimamishe wima siku mbili ili mashapo yatue chini. Kizibo kitakuwa laini, kivute polepole na usikasirike kikivunjika. Mimina kwa mkono mmoja usiotikisika, chini ya taa, na usimame mara uonapo mashapo yakikaribia shingo.

Ikinuka siki, imekufa. Ikinukia waridi lililokauka, lami na majani makavu, iko hai, lakini haina saa nyingi baada ya kufunguliwa. Waite walioko jikoni waje kabla hujamaliza kumimina.